Waini tamu kwa anayeanza: mwongozo kamili wa kuchagua chupa ukiwa Mwanza

Mwanza watu wengi hukutana na waini kwa mara ya kwanza kwenye send-off, kitchen party au harusi. Kamati imenunua chupa kwa kuangalia bei na sura, nyingi zikiwa nyekundu kavu, yaani zisizo na sukari ya kuhisika, zenye kilevi cha asilimia 13 au 14. Mgeni ambaye miaka yote amekunywa soda, juisi na pengine bia baridi anamiminiwa glasi ya kitu kichachu, kinachokausha ulimi na kuwasha koo. Anakunja uso, anaisogeza glasi pembeni, na kuanzia siku hiyo anasema waini si kinywaji chake. Ninaamini kabisa kwamba wengi wa watu hao hawakupewa nafasi. Ipo waini ambayo wangeifurahia tangu funda la kwanza, na mara nyingi ilikuwa kwenye rafu ileile ya duka lilelile.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, mwenye miaka 18 na kuendelea. Mjamzito aache. Anayetumia dawa amuulize mfamasia kwanza. Metronidazo, ambayo wengi tunaiita Flagyl, haipatani kabisa na pombe. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake, kwa sababu humu tutapima sukari kwa gramu.

Hatua ya 1: Jua ni nini hasa kinachokukera

Mtu akisema "waini kali", anaweza kuwa anasema mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Ukilikosea hili, utanunua chupa tamu na bado hutaipenda.

Jambo la kwanza ni ukakasi, ile hali ya ulimi na fizi kukauka na kukwaruza. Unatokana na tanini, ambayo imo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Waini nyekundu huchachishwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana ina rangi na ndiyo maana ina ukakasi. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, kisha juisi peke yake ikachachishwa. Tanini hiyo utaikuta pia kwenye chai ya rangi iliyochemshwa muda mrefu. Kama hiki ndicho kinachokusumbua, anza na nyeupe au rozi, ile ya rangi ya waridi ambayo lebo huiita "Rosé". Nyekundu tamu za bei ya kawaida nazo hutengenezwa ziwe na tanini kidogo, hivyo hazikufungii mlango.

La pili ni uchachu. Zabibu ina asidi yake ya asili, na bila hiyo waini inakuwa imepoa, haina uhai. Uchachu ndio unaotibiwa vizuri na sukari. Kama unapenda maji ya ndimu yenye sukari lakini huwezi kunywa ndimu tupu, basi wewe ni mtu wa waini tamu bila shaka yoyote.

La tatu ni moto wa kilevi, ule unaousikia kooni na kifuani ukimeza. Sukari haiuondoi. Waini ya Port kutoka Ureno ni tamu sana, lakini ina kilevi cha asilimia 19 hadi 22, na mtu anayekimbia moto wa pombe ataukuta palepale, umevaa asali. Dawa ya moto ni kushusha asilimia.

Kumbuka glasi ya mwisho iliyokushinda. Ulimi ulikauka? Mate yalijaa mdomoni na shavu likajikunja? Au koo ndilo liliwaka? Jibu lako ndilo litakalokuongoza kwenye hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Pima utamu wako jikoni, kabla hujatoa hata shilingi

Hili ni zoezi ninalompa kila anayeniuliza, na gharama yake ni sukari na ndimu moja.

Chukua glasi 4, kila moja uitie robo lita ya maji ya kunywa yaliyopoa. Kijiko cha chai cha sukari, kikiwa kimesawazishwa bila kilima, kina takriban gramu 4. Glasi ya kwanza tia nusu kijiko, ya pili kimoja, ya tatu viwili, ya nne vinne. Koroga hadi sukari iishe chini. Sasa una glasi zenye takriban gramu 8, 16, 32 na 64 za sukari kwa lita. Glasi ya tatu ni sawa na kikombe cha chai cha kawaida chenye vijiko viwili. Ukitaka kujua ncha ya juu kabisa iko wapi, fungua soda ya kola: ina zaidi ya gramu 100 kwa lita.

Onja moja moja kuanzia ya kwanza. Usimeze haraka, zungusha mdomoni, kisha uangalie ni ipi ungeweza kuimaliza bila kulazimishwa.

Kisha fanya jambo ambalo watu hulishangaa. Kata ndimu, kamua nusu yake kwenye ile glasi ya nne yenye vijiko vinne, koroga, uonje tena. Sukari haijapungua hata chembe, lakini utamu umeshuka na kinywaji kimechangamka. Hivyo ndivyo waini inavyofanya kazi. Gramu 60 za sukari kwenye waini yenye uchachu mzuri hazikinaishi, ilhali gramu hizohizo kwenye waini isiyo na uchachu zinakuchosha kabla ya glasi kuisha. Mtu akikuambia waini tamu ni ya watu wasiojua kunywa, mpe glasi hizo mbili azionje, ya ndimu na isiyo na ndimu.

Kwa sababu waini ina uchachu na maji hayana, waini itaonekana na utamu mdogo kuliko glasi yako ya maji yenye gramu zilezile. Ukichagua glasi ya tatu, tafuta waini ya gramu 40 hadi 60. Ukichagua ya nne, usiogope zinazozidi hapo. Ukichagua ya pili, wewe unaelekea kwenye zile ambazo lebo huziita "Semi-Sweet" au "Off-Dry". Na ukiona hata ya kwanza inakutosha, pengine huhitaji waini tamu. Unahitaji nyeupe kavu isiyo na uchachu mkali, jambo ambalo ni somo jingine.

Hatua ya 3: Soma lebo, na uanzie kwenye asilimia

Lebo nyingi haziandiki gramu za sukari. Zote huandika kilevi. Kwa hiyo jifunze kuukisia utamu kupitia kilevi.

Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza pombe. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita hutoa asilimia 1 ya kilevi. Hamira ikiachwa ile hadi imalize, waini inakuwa kavu na kilevi kinapanda hadi 12, 13, 14. Mtengenezaji akiisimamisha njiani, kwa kuipoza sana na kuichuja, sukari inabaki na kilevi kinakuwa cha chini. Wengine huacha waini ikauke, kisha huirudishia juisi ya zabibu ambayo haijachacha. Kwa vyovyote vile, chupa ya waini ya zabibu yenye asilimia 5 hadi 9 karibu kila mara ni tamu. Yenye 12 hadi 14.5 karibu kila mara ni kavu, hata kama picha ya lebo imejaa maua na matunda. Ikizidi 15, mara nyingi imeongezewa pombe kali ili hamira ife, na hapo inaweza kuwa tamu mno. Hizi ndizo familia ya Port.

Asilimia ina faida nyingine ya wazi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 8 ina mililita 60 za pombe tupu, sawa na bia mbili na nusu hivi za nusu lita zenye asilimia 5. Chupa ya ukubwa huohuo yenye asilimia 14 ni sawa na bia nne na zaidi kidogo. Port ya asilimia 20 ni bia sita. Utamu huficha kilevi, na ndiyo maana watu wananyanyuka mezani wakiwa hawajielewi. Glasi ya kawaida ni mililita 150, chupa moja inatoa glasi 5, na bodaboda au gari usiendeshe baada yake.

Baada ya asilimia, soma maneno. "Dry" ni isiyo na sukari ya kuhisika, iache. "Semi-Sweet" ya Afrika Kusini ni kati ya gramu 5 na 30, pana mno kukuhakikishia chochote. "Natural Sweet" ndilo neno la anayeanza: sheria ya Afrika Kusini inataka zaidi ya gramu 20 kwa lita, na chapa nyingi zinazofika kwetu huenda mbali zaidi ya hapo. "Late Harvest" ni waini ya zabibu zilizochelewa kuvunwa zikaongeza sukari mtini. Zinazotoka Ulaya zikiandikwa tamu, ujue zina gramu 45 na kuendelea.

Mtego mkubwa uko kwenye waini ya mapovu, ile inayofunguliwa kwa kishindo wakati wa kukata keki. "Brut" ni kavu, chini ya gramu 12. "Extra Dry", ambayo mtu angedhani ndiyo kavu kuliko zote, ina gramu 12 hadi 17, na kwa sababu mapovu huzidisha uchachu bado haitamfurahisha mpenda utamu. Unachotafuta ni "Demi-Sec", gramu 32 hadi 50, au "Doux", zaidi ya 50. Niseme wazi: kama una nafasi kwenye kamati ya harusi, hili ndilo la kulisimamia. Katoni za Brut huishia kwenye glasi zilizonywewa robo na kuachwa.

Kwenye chupa za Kijerumani neno la kukwepa ni "trocken", yaani kavu. Na neno "Fruity" kwenye lebo yoyote linazungumzia harufu. Waini ya zabibu za jamii ya Muscat inanukia kama ua hata ikiwa kavu kabisa. Pua itasema tamu, ulimi utakataa.

Hatua ya 4: Chagua familia ya kuanzia

Kwa anayeanza hapa kwetu, ningeanzia Afrika Kusini, kwa sababu ndiko zinakotoka chupa za "Natural Sweet" ambazo utazikuta kuanzia supamaketi za Rock City Mall hadi maduka ya vinywaji ya mitaani. Four Cousins, Robertson Winery na 4th Street ni majina ambayo muuzaji anayafahamu. Zipo nyekundu, nyeupe na rozi, kilevi chake kikiwa cha asilimia 8 hivi. Kama tatizo lako lilikuwa ukakasi, chukua nyeupe au rozi kwanza. Kama lilikuwa uchachu au moto, nyekundu yake itakufaa sana: ina harufu ya matunda ya kuiva, ulimi haukauki, koo haliwaki. Lakini angalia jina zima, usiishie kwenye chapa. Robertson Winery hutengeneza pia Merlot na Cabernet Sauvignon kavu, na chupa zinafanana ukiwa na haraka.

Kisha kuna Dodoma, na hapa naomba tutulie kidogo. Dodoma ndio mkoa wetu wa zabibu. Mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawalijui. Nyekundu nyingi hutokana na zabibu iitwayo Makutupora, jina la eneo lilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na nyeupe nyingi hutokana na Chenin Blanc. Wapo watengenezaji wakubwa kama CETAWICO walioko Hombolo, zipo chapa ambazo mtaani zinajulikana zaidi kama Dompo, na wapo wadogo wengi. Nyingi hutolewa kwa aina zaidi ya moja, kavu na tamu, kwa hiyo soma lebo ya kila chupa badala ya kuamini jina. Ushauri wangu kwa anayeanza ni nyeupe tamu au nusu tamu ya Chenin Blanc, kwa sababu zabibu hiyo ina uchachu wa asili unaobeba sukari vizuri. Nyekundu tamu za Dodoma nyingine zina kilevi kilichopanda na ukakasi unaosikika. Tazama asilimia kabla ya kuamua. Nunua ndogo kwanza kama ipo, uonje, ndipo uchukue kubwa. Napenda kuona waini ya nyumbani kwenye meza zetu, na njia ya kuisaidia ni kuichagua kwa makini kama tunavyochagua ya nje.

Moscato, waini ya zabibu za Muscat, ndiyo zawadi kwa anayesema hapendi ladha ya pombe kabisa. Moscato d'Asti ya Piemonte, kaskazini mwa Italia, ina asilimia 5 hivi tu, ina mapovu laini, inanukia ua na tunda, na sukari yake inapita gramu 100 bila kukinaisha kwa sababu mapovu na uchachu vinaibeba. Yenyewe ni nadra kwenye maduka yetu. Moscato za kawaida za nchi nyingine huonekana zaidi, nazo zinafaa, alimradi asilimia iwe ya chini.

Riesling, waini nyeupe ya Ujerumani, yenye asilimia 8 au 9 ni tamu na chachu kwa wakati mmoja, ile glasi yako ya ndimu ikiwa imetengenezwa na fundi. Ukiiona dukani, ichukue. Port iache kwa sasa, au ionje kwa kiasi cha mililita 60 baada ya chakula.

Hatua ya 5: Kununua

Waini ya Dodoma hufika Mwanza kwa lori, kupitia Singida na Shinyanga, na ya nje imetoka bandarini mbali zaidi. Joto la safari hulioni. Joto la dukani unaliona. Duka lenye chupa zilizopangwa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua la saa nane, usinunue za hapo mbele. Omba ya ndani: "Dada, nisaidie iliyoko stoo au kwenye friji, ile isiyokaa juani." Muuzaji mzuri hatakasirika.

Ikamate chupa, uitazame. Kama ina kizibo, kinatakiwa kiwe sawa na mdomo wa chupa; kikiwa kimesukumwa juu, au kuna utando unaonata chini ya karatasi ya shingoni, waini ilipata joto ikatanuka. Nyeupe iliyogeuka rangi ya kahawia imezeeka. Waini tamu ina hatari yake ya pekee: sukari iliyobaki ni chakula, na hamira ikibaki hai ndani, itaanza kazi upya. Ukifungua chupa isiyotakiwa kuwa na mapovu ukakuta inachemka na inanuka hamira, irudishe. Kwa maboksi, mfuko uliovimba ni dalili hiyohiyo.

Tafuta stempu ya kielektroniki ya TRA shingoni. Ikiwa imechanika, imebandikwa juu ya nyingine au haipo, weka chupa chini hata kama bei inavutia.

Usihangaike na mwaka. Waini tamu za asilimia 8 hutengenezwa zinywewe zikiwa changa, hivyo kati ya chupa mbili chagua ya karibuni. Boksi la lita 5 lina nafuu kwa shughuli ya watu wengi, lakini kwa mtu mmoja anayejifunza ni kujifunga kwenye ladha moja.

Kama huna uhakika, mwambie muuzaji maneno haya: "Kaka, nataka waini tamu kabisa, Natural Sweet, nyeupe, kilevi kisizidi tisa." Sentensi hiyo ina vipimo vitatu, na itakufikisha mbali kuliko kusema "nipe nzuri."

Hatua ya 6: Ipoze ipasavyo

Waini tamu ikiwa na joto la chumba la Mwanza mchana inakuwa nzito, sukari inatangulia na kilevi kinapanda puani. Ubaridi hupunguza utamu unaosikika na kuuamsha uchachu. Nyeupe, rozi na ya mapovu zinapendeza kwenye nyuzi 6 hadi 10, nyekundu tamu kwenye 10 hadi 14. Kwa lugha ya friji: nyeupe ikae saa mbili hadi tatu, nyekundu saa moja hivi.

Umeme ukikatika au wageni wakiwahi, chukua ndoo, tia barafu, tia maji hadi shingoni mwa chupa, tupia konzi la chumvi. Dakika 20 zinatosha. Barafu peke yake bila maji haigusi chupa vizuri, inachelewa. Friza nayo ni ya haraka, lakini chupa iliyosahaulika humo inapasuka.

Kutia barafu kwenye glasi? Kwa Natural Sweet sioni ubaya siku ya jua kali, mradi unywe kabla haijayeyuka. Kwa Riesling au Moscato nzuri ningekusihi usifanye hivyo, kwa sababu maji yanavunja ule mlingano uliolipia.

Hatua ya 7: Onja kwa mpangilio

Mimina kidogo, theluthi ya glasi. Nusa kwanza. Funda la kwanza liache lipite tu, kwa sababu mdomo bado una ladha ya chakula au dawa ya meno. La pili ndilo la kupima. Jiulize maswali yaleyale ya hatua ya kwanza: ulimi unakauka? Shavu linajikunja? Koo linawaka? Na la nyongeza: baada ya kumeza, utamu unaondoka kwa usafi au unabaki umeganda mdomoni? Ukibaki umeganda, sukari imezidi uchachu, na dawa yake chupa ijayo ni kutafuta yenye uchachu zaidi, ambayo si lazima iwe na sukari pungufu.

Piga picha lebo ya mbele na ya nyuma, andika neno moja chini ya picha. Ukirudi dukani, mwonyeshe muuzaji picha ya uliyoipenda na ya uliyoikataa.

Hatua ya 8: Chakula cha ziwani

Tuna bahati, kwa sababu chakula chetu kinapatana na waini tamu kuliko watu wanavyodhani. Pilipili na kilevi kikubwa ni maadui. Kilevi huzidisha moto wa pilipili. Sukari na kilevi kidogo huutuliza. Sato wa kukaanga mwenye pilipili ya kusaga, ndimu na kachumbari, akipata nyeupe nusu tamu ya baridi, ni mlo ambao ningemwekea mgeni yeyote. Ndimu ya kwenye samaki huifanya waini ionekane laini, na chumvi nayo husaidia. Dagaa wa kukaanga, wakiwa wakavu na wenye chumvi, wanaitaka hata tamu zaidi.

Sangara ana mafuta. Usimnywee nyekundu yenye ukakasi: nyekundu na mafuta ya samaki zikikutana huacha ladha ya chuma mdomoni, na wengi wamewahi kudhani samaki ndiye mbaya. Nyeupe au rozi tamu zitakuweka salama. Nyekundu tamu ibakize kwa nyama choma ya ng'ombe au mishikaki yenye pilipili.

Kwenye vitu vitamu kuna kanuni moja isiyovunjika: waini iwe tamu kuliko chakula. Keki ya harusi yenye aisingi ina sukari nyingi, na waini nusu tamu ikinywewa juu yake inageuka chachu ghafla. Kwa keki tafuta Moscato au Demi-Sec, na hata hiyo Demi-Sec iwe na keki isiyo na aisingi nzito. Karanga za kukaanga zinapatana na Port ya aina ya Tawny kwa namna ya ajabu, kwa sababu Port hiyo imekaa kwenye mapipa hadi ikapata harufu ya karanga yenyewe. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yana utamu wake wa taratibu; jaribu na Chenin Blanc tamu.

Hatua ya 9: Chupa iliyobaki, na chupa ijayo

Ifunge, irudishe kwenye friji ikiwa imesimama, hata kama ni nyekundu. Natural Sweet inakaa siku 3 hadi 5 ikiwa na ladha yake, ya mapovu siku moja au mbili, Port ya Tawny hata mwezi. Ikianza kunuka siki, itumie kulainisha nyama.

Baada ya muda utagundua mojawapo ya mambo mawili. Ama glasi ya pili itaanza kukukinaisha, na hapo ulimi wako unaomba kushuka: toka Natural Sweet, nenda Semi-Sweet ya Chenin Blanc, kisha Off-Dry, ukibadilisha jambo moja tu kila mara, ukiacha rangi na aina ya zabibu vilevile. Ama utazidi kuupenda utamu, na hapo njia ya kupanda ipo pia. Sauternes ya Ufaransa na Tokaji Aszú ya Hungaria hutengenezwa kwa zabibu zilizoshambuliwa na ukungu uitwao Botrytis cinerea, unaonyonya maji na kuacha sukari na uchachu vikiwa vimekolea. Aszú kisheria haipungui gramu 120 kwa lita. Karibu zaidi na sisi, nje kidogo ya Cape Town, shamba la Klein Constantia hutengeneza Vin de Constance, mrithi wa waini tamu ya Constantia ambayo Napoleon alipelekewa akiwa kifungoni St Helena. Huuzwa kwenye chupa za mililita 500 na bei yake ni ya kuchangishana. Ukiwa na ndugu anayekwenda Cape Town, mwagize moja, aifunge katikati ya nguo kwenye begi, na ikifika iwekeni kwenye friji mapema, muinywe kidogo kidogo watu wanne au watano.